Damu ya Mbwa Si Damu ya Ng'ombe

Wewe uliye na mbwa jike mchanga nyumbani, vuta kiti ukae karibu nami. Chai ikipoa tutaipasha. Ninalotaka kukueleza si gumu, na ukilijua mapema halitakusumbua. Mimi nililijua nikiwa nimefungiwa pamoja na mbwa ndani ya chumba na sebule, madirisha yamebanwa, na madume wa mtaa mzima wamelala langoni kama wagonjwa wanaongoja kuitwa na daktari.

Tunaishi mtaa wa Free Area, katika ploti yenye lango moja la mabati na milango ya wapangaji inayotazamana. Ninafuma sweta za shule kwa mashine, mezani kando ya dirisha. Mume wangu anafanya kazi shamba la maua huko Naivasha, na tunamwona mwisho wa wiki. Watoto wakishaenda shule, nyumbani tunabaki mimi, mashine na mbwa.

Mbwa mwenyewe alitoka Dundori, kwa mama mkwe wangu. Watoto wanamwita shosho, yaani bibi, basi nami nikizungumza juu yake husema shosho. Anafuga ng'ombe wa maziwa na kulima viazi, na tangu nimjue boma lake limelindwa na mbwa wa ukoo mmoja: weusi, kifua cheupe, sikio moja limesimama na lingine limelala. Jike wake mzee alizaa kwa mara ya mwisho majike wawili. Mmoja alipewa jirani wa ng'ambo ya kijito, kabla shosho na jirani huyo hawajakosana juu ya ua wa mpaka. Tangu ugomvi ule hawasalimiani. Wa pili tuliletewa sisi. Baadaye jike mzee akafa, na boma la Dundori likabaki bila mbwa.

Sasa nikueleze desturi, maana hapo ndipo kamba iliyonifunga ilipoanzia. Kwao, na hata kwetu nilikozaliwa, mbwa jike wa ukoo mzuri hauzwi, na hapewi mtu ikaisha hivyo. Unapewa umlee, naye akizaa mara ya kwanza, jike mmoja wa uzao huo anarudi alikotoka mama yake. Na mtamba wa ng'ombe ni hivyo hivyo. Hakuna anayekukumbusha, kwa sababu hakuna anayetarajia usahau. Siku shosho alipomtoa kwenye kikapu cha mboga na kumweka sakafuni, alisema neno moja tu: "Usinipotezee mbegu." Nikaitikia bila kufikiri. Mbwa alikuwa anatafuna ukanda wa ndala yangu na mimi nilikuwa nacheka.

Jioni hiyo hiyo mwenye ploti alipita kutuamkia. Ni mzee mpole, dereva wa lori aliyestaafu, anaishi nyumba ya mwisho karibu na tangi la maji. Alimtazama mbwa, akamkuna kichwa, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mmoja nimekubali. Siku nitaona wa pili, mtatafuta kwingine." Kabla yetu palikuwa na mpangaji aliyefuga njiwa wawili. Walipofika kumi alihama nao wote. Nilijua mzee hatanii.

Unaona nilivyobanwa? Kwa shosho lazima azae. Kwa mzee lazima asizae. Na huyo mbwa alikuwa anakua kila siku, hajui lolote.

Nilipompeleka kudungwa chanjo ya kichaa cha mbwa, daktari wa mifugo aliniuliza kama nimefikiria kumtoa kizazi. Kliniki yake iko upande wa Milimani, ndani ya uwanja wenye miti mikubwa, nami nilikuwa nimembeba mbwa ndani ya mfuko wa nyuzi. Daktari ni mama wa umri wangu, ana mikono mirefu na hana haraka. Aliniambia kuwa kwa mbwa wa ukubwa huu yeye hupenda kufanya upasuaji kabla ya joto la kwanza, akiwa na miezi kama sita hivi. Jike akiwahi namna hiyo, uwezekano wa kupata uvimbe mbaya kwenye matiti akizeeka hupungua. Mbwa wa miili mikubwa sana huwaacha kwanza wakomae mifupa. Kila mbwa ana hesabu yake, alisema, na hesabu hiyo hufanywa na mwenye mbwa na daktari wakiwa wameketi pamoja. Kisha akaongeza, "Ukiamua, niambie kabla hajaingia joto. Akishaingia, mlango unafungwa kwa muda."

Nilimwambia nitafikiri. Mume wangu nilipomweleza, alisema hayo ni mambo ya kuongea na mama. Shosho nilipompigia simu, alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kwanza azae, halafu mtoe hata masikio." Tukacheka sote wawili. Lakini nilipokata simu nilikaa nikitazama sindano za mashine bila kufuma.

Miezi ikaenda. Asubuhi moja ya vumbi, upepo ukitoka mlima wa Menengai, niliona tone la damu kwenye sakafu ya saruji, karibu na gurudumu la cherehani ninayounganishia mikono ya sweta. Nikaona lingine. Nikampigia shosho.

Nakuomba unisikilize vizuri hapa, maana kosa hili ni la watu wa ng'ombe, na sisi sote huku juu ni watu wa ng'ombe. Ng'ombe akiingia joto, joto lenyewe huwa fupi. Anapiga kelele, anapanda wenzake, unakimbia kumwita daktari wa kupandisha. Ukichelewa, kesho yake au kesho kutwa unaona damu kidogo mkiani. Damu hiyo ni ya kukuambia mambo yamepita. Kila mtoto wa Dundori anajua: ukiona damu, umechelewa, ngoja kama wiki tatu tena. Mimi pia nilikua nikilijua hilo kama ninavyojua kuchemsha maziwa.

Kwa hiyo shosho aliponiambia, nilimwamini bila kusitasita. "Hiyo damu ni ya kumaliza," alisema. "Ilikuwa kwa joto na hukuona, wewe na hiyo mashine yako. Ifunge siku mbili, tatu, halafu ifungulie. Imepita."

Aliongea kwa huzuni, kama mtu aliyepitwa na msimu wa kupanda. Mimi moyoni nilishukuru. Nilidhani nimepata nafasi ya kupumua hadi joto lingine. Nikamfungia siku hizo chache, nikafuta sakafu, kisha nikamwachia uwanjani kama kawaida yake. Damu ilianza kufifia, ikawa kama maji ya nyama iliyooshwa. Nikasema, shosho alinena kweli.

Dume wa kwanza alikuwa wa rangi ya kahawia, mguu mmoja mfupi. Nilimkuta asubuhi amelala nje ya lango, nikamfukuza kwa ufagio. Nilipomaliza kumenya viazi walikuwa wanne. Baada ya chakula cha mchana sikuweza kuwahesabu, maana walikuwa wanazunguka, wanakojolea mabati, wanagombana, wanarudi. Mteja aliyekuja kuchukua sweta ya mtoto alisimama ng'ambo ya barabara akanipigia simu kuwa atakuja siku nyingine. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anapita alipunguza mwendo, akanisalimia juu ya lango, "Niaje mathe. Hii harusi ni ya lini tulete sufuria?"

Ningecheka, lakini wakati huo huo mkokoteni wa maji ulifika. Mwenye mkokoteni alisukuma lango kwa gurudumu kama anavyofanya siku zote, na yule wa kahawia akapita chini ya mapipa. Nilikimbia na koni ya uzi mkononi. Niliwakuta nyuma ya tangi. Mbwa wangu alikuwa amesimama kimya, mkia ameusogeza pembeni, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. Dume alikuwa anashuka au anapanda, sikujua. Nilimrushia koni, nikambeba mbwa wangu mikononi hadi ndani, nikafunga mlango kwa makomeo yote mawili.

Daktari alinisikiliza kwenye simu. Hakunikemea. Alisema kwamba watu wengi wa huku humpigia wakiwa na swali hilo hilo, na akanielezea polepole. Kwa mbwa, damu ni mwanzo. Inatangulia, siku nyingi, na madume huanza kuja. Inapofifia, ndipo jike anapokubali. Kwa jumla huchukua kama wiki tatu, wengine zaidi. Siku niliyomfungulia ndiyo siku niliyopaswa kuweka komeo la pili.

Nikamuuliza kama anaweza kumtoa kizazi kesho yake. Akasema angependa kusubiri, kwa sababu wakati wa joto mishipa imejaa damu na upasuaji unakuwa mgumu zaidi. Nimlete baada ya mwezi ampime mimba. Kama hana, tuache mwili utulie, miezi miwili au mitatu tangu joto liishe, ndipo amfanyie.

Basi tukafungwa. Hiyo ndiyo namna pekee ninayoweza kulisema. Mbwa alikaa ndani, nami nilikaa naye, kwa kuwa nikitoka alilia na kukwaruza mlango hadi rangi ikatoka. Haja yake alifanyia kwenye magunia uani, nikiwa nimemshika kamba fupi na fimbo mkono mwingine. Dirisha, linalotazama barabara, sikulifungua, maana yule wa kahawia alijifunza kuruka hadi kwenye kizingiti. Chumba kikajaa harufu ya sufu, ya mbwa na ya mimi mwenyewe. Nilifuma mikono ya sweta za kijani, mmoja baada ya mwingine, nikisikia pumzi zao chini ya mabati. Jirani zangu walipita wakiambaa ukuta, watoto wao mgongoni, wakiwakwepa madume. Aibu hiyo ilinibana kuliko lango.

Kisha siku moja madume wakaondoka, mmoja mmoja, kama walivyokuja.

Baada ya mwezi daktari alimpima kwa mashine yake na kwa vidole vyake. Hakuona mimba. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Siku ya upasuaji ilipangwa. Shosho sikumwambia; nilijiambia nitamwambia ikikaribia, na kila ilipokaribia nilipata sweta nyingine ya kumalizia.

Wiki hiyo hiyo ya upasuaji mbwa alibadilika. Aliacha kula. Alichukua vipande vya sufu kutoka kwenye katoni ya mabaki, akatengeneza kiota chini ya meza, akaingia na bunda la uzi wa kijani. Alilizungushia mwili, akalilamba. Nilipolisogelea alinitolea meno, mbwa ambaye hajawahi kunitolea meno. Kisha nikaona matiti. Yalikuwa yamejaa. Nilipoyagusa, maziwa yakatoka.

Daktari aliniambia ni mimba ya uongo, jambo la kawaida kwa jike baada ya joto, na kwamba mwili wake umedanganyika. Nisimkamue. Niondoe uzi. Na upasuaji usubiri tena hadi maziwa yakauke, kwa sababu ukimpasua akiwa hivyo hali hiyo yaweza kukawia. Mlango uliofunguka ukafungwa tena mbele ya uso wangu.

Mwenye ploti alimwona mbwa uani asubuhi iliyofuata, tumbo limeshuka, matiti yanayumba. Hakupandisha sauti. "Mama, nilikuambia mapema," alisema. "Mwisho wa mwezi mtafutie kwingine. Au mjitafutie nyote." Nilimweleza habari ya mimba ya uongo. Alinisikiliza kwa heshima zote, kama unavyomsikiliza mtoto anayesema nyani ndiye aliyekula sukari. Usinicheke, hata mimi nilianza kutoamini. Kila asubuhi nilipapasa tumbo lile nikitafuta vichwa.

Shosho aliambiwa na mwanawe, mume wangu, kuwa mbwa ana maziwa. Alikuja kesho yake na viazi, kabeji mbili, na kile kikapu cha mboga. Kikapu kilikuwa kimetandikwa kitambaa safi. Nilipokiona nilijua amekuja kuchukua mtoto wake wa jike.

Aliinama chini ya meza bila hata kunywa chai. Mbwa alimtambua, akamruhusu. Nilitazama mikono yake ikipita tumboni, pole pole, mikono iliyosoma matumbo ya ng'ombe maisha yake yote. Ilipita mara moja, ikarudi. Akaketi sakafuni.

"Hakuna kitu hapa," alisema.

"Ndiyo, mama. Daktari alisema."

Alishika titi lililovimba, akaanza kulikamua kwa vidole viwili, kama unavyomsaidia ng'ombe asiharibike kiwele. Niliweka mkono wangu juu ya wake. Kwetu mkaza mwana hafanyi hivyo, na sote wawili tulilijua hilo mkono ukiwa bado pale.

"Usikamue, mama. Ng'ombe ukimkamua anapoa. Huyu ukimkamua anatengeneza mengine. Anafikiri kuna anayenyonya."

Alitoa mkono wake. Alilivuta lile bunda la kijani kutoka kiotani, mbwa akalia, naye akaligeuza mikononi kama anatafuta uso wake. Kisha akainua macho, akatazama meza, mashine, kitanda cha watoto, dirisha lililofungwa.

"Angezalia wapi?"

Nikamwonyesha nafasi kati ya mashine na kitanda.

"Hapa hata kuku haungelalisha," alisema. Lilikuwa tusi, na lilikuwa kitu kingine pia. Nililisikia kama komeo moja limefunguliwa.

Tulikunywa chai. Alimaliza kikombe, akasema bila kunitazama, "Ile ingine iko kwa yule wa ng'ambo. Imezaa. Asubuhi nikikamua nasikia hao watoto wakilia huko kwa kijito."

Sikujua. Kumbe wakati wote mimi nimefungwa huku, naye amefungwa kule, na kati yake na mbwa aliyemtaka kulikuwa na kijito cha kuruka na salamu moja.

"Sasa nitamwambia nini yule mtu?" akauliza.

"Mwambie habari ya asubuhi."

Alinitazama kwa jicho kali. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na nikaona anacheka. "We mama uko na mdomo," akasema. "Itoe kizazi. Nimechoka kubeba hiki kikapu."

Nilipomsindikiza langoni, mwenye ploti alikuwa anachota maji. Alimsalimia, akamuuliza kama amekuja kumchukua mbwa. Shosho alimwonyesha kikapu. Ndani yake alikuwa ameweka bunda la uzi, kwa kuwa nilimwomba aende nalo mbali.

"Nimekuja kuchukua mtoto, mzee. Nimepewa hii."

Mzee alitazama uzi, akanitazama mimi. Mwishowe alisema kwamba yeye ni mtu wa kuona. Maziwa yakikauka na mbwa akapasuliwa, auone mshono kwa macho yake, na maneno ya kuhama yataisha. Nilimwomba asihesabu mwisho wa mwezi, ahesabu maziwa. Akafikiri, akaitikia kwa kichwa.

Maziwa yalikauka taratibu. Bila uzi na bila kukamuliwa, kiota kikawa takataka tu, nami nikakifagia. Daktari alisubiri kidogo zaidi, kisha akamfanyia. Nilimfumia sweta ya kijani yenye matundu manne, asilambe kidonda, na kwa siku kadhaa palikuwa na mwanafunzi mmoja wa ziada uwanjani kwetu. Mzee alipiga magoti akainua pindo la sweta, akatazama mshono kwa muda, akauliza kama unauma. Hajasema neno la kuhama tena.

Shosho alivuka kijito na kabeji. Jirani alimpokea, akamkaribisha chai, akampa dume. Wa jike alikataa kumtoa, akasema mpaka ule ua usogezwe. "Dume pia inabweka," shosho aliniambia kwenye simu, na nyuma yake nilisikia kitu kidogo kikijaribu. Ya mbegu sijui yataishaje. Wanazungumza sasa, angalau juu ya ua.

Ukiweza, usingoje ufike nilikofika. Zungumza mapema na aliyekupa mbwa, na anayekupa nyumba, na daktari, mbwa akiwa bado mchanga. Kama umechelewa, usife moyo, kwani joto huisha na maziwa hukauka. Lakini shika hili moja, hata ukisahau mengine yote: ukiona tone la kwanza la damu, mfungie mbwa wako ndani siku hiyo hiyo, na usimwachie damu inapofifia, mpigie daktari, umngoje akuambie lini.